Kibaba si Baba Mdogo: Maneno ya Vipimo na Mnunuzi wa Sokoni

Utangulizi

Katika jaribio moja la mwaka wa kwanza niliwataka wanafunzi waeleze methali "Haba na haba hujaza kibaba". Kwa upande wa funzo majibu yalikuwa mazuri. Wote walijua kwamba kidogo kidogo hufanya kingi. Lakini sehemu ya pili ya swali iliuliza kibaba chenyewe ni kitu gani, na hapo mambo yakaharibika. Mmoja aliandika kuwa ni mfuko wa kuwekea akiba. Mwingine aliandika kuwa kibaba ni "baba mdogo", kwa sababu kiambishi ki- huleta udogo, kama vile kitoto kutokana na mtoto.

Kwa upande wa kanuni, mwanafunzi huyu wa pili alitumia kile nilichomfundisha mwenyewe. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha methali nikaacha kumwonyesha chombo. Baadaye niligundua kuwa pengo hilo ni pana zaidi. Wanafunzi wetu wanaweza kuhesabu hadi milioni na kutaja ngeli zote, lakini wakipelekwa Konyo Konyo kununua mtama kwa Kiswahili hawajui waulize nini. Na anayeshindwa kuuliza sokoni hakosi alama tu, hukosa chakula alicholipia.

Makala haya yanaeleza maneno ya vipimo ambayo mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili wa Juba wanayahitaji. Hoja yake ni moja: katika Kiswahili cha sokoni, neno la kipimo mara nyingi hutaja chombo au namna ya kufunga bidhaa, wala si uzito. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuuliza maswali matatu kila mara. Ni chombo gani? Kimejazwa vipi? Ndani yake mna bidhaa gani?

Vipimo vya kale vya pwani

Tuanze na kibaba. Ni kipimo cha ujazo cha nafaka kilichotumika pwani ya Afrika Mashariki. Vibaba viwili hufanya kisaga kimoja, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Kibaba cha mchele kilikadiriwa kuwa ratili moja na nusu, yaani takriban gramu 680. Pishi basi ni ratili sita, au karibu kilo 2.7.

Pishi haijafa. Waislamu wanaozungumza Kiswahili bado huitaja kila mwisho wa Ramadhani, kwa kuwa zaka ya fitri huhesabiwa kwa pishi moja ya chakula kwa kila mtu. Huko Unguja na Pemba, karafuu pia zilipimwa kwa pishi shambani na kwa frasila zilipofika kuuzwa. Frasila moja ni takriban ratili 35, yaani karibu kilo 16.

Kwa uzito mdogo palikuwa na ratili (takriban gramu 454) na wakia (takriban gramu 28). Dhahabu na manukato yalipimwa kwa tola, ambayo ni karibu gramu 11.7. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960 na 1970, nchi zetu jirani zilihamia kwenye kilo na lita, na ratili ikabaki katika vitabu na katika vinywa vya wazee.

Hapa mwanafunzi wa Juba ana bahati ambayo mwenzake wa mahali pengine hana. Maneno ratili, wakia, nusu, robo na mizani yote yana asili ya Kiarabu, na ndugu zake wamo katika Kiarabu cha Juba. Anayesema "nus" na "rubu" nyumbani hatapata taabu na nusu na robo. Aangalie neno moja tu, nalo ni thumuni. Kwa asili ni sehemu moja ya nane, lakini Tanzania na Kenya watu wengi wanalijua zaidi kuwa jina la sarafu ya senti hamsini. Ukiomba "thumuni ya kilo" huko, muuzaji anaweza kukutazama tu.

Tele na mfuto

Wazee wa pwani walijua kwamba kutaja chombo hakutoshi. Walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa mpaka nafaka ikafanya kilima juu ya ukingo. Kibaba cha mfuto ni kile kilichopitishiwa kiganja au ubao juu yake hadi nafaka ikawa sawa na ukingo. Chombo ni kilekile na jina ni lilelile, lakini mnunuzi wa kwanza anaondoka na zaidi kuliko wa pili.

Maneno haya mawili hayasikiki sana leo nje ya pwani, na muuzaji aliyetoka Uganda au Kongo huenda asiyatambue. Kwake mnunuzi aulize kwa maneno ya kawaida: "Unajaza mpaka juu, au unasawazisha?" Hata hivyo napendekeza tuyafundishe, kwa sababu yanampa mwanafunzi wazo lenyewe. Pamoja nayo lifundishwe na neno kupunja, yaani kumpa mtu pungufu ya haki yake katika kipimo au malipo. Kupunja si sawa na kuiba. Mwizi huchukua usipoona. Anayekupunja anapima mbele ya macho yako.

Debe, gorogoro, sado na gunia

Vyombo vya biashara vilipobadilika, majina ya vipimo nayo yalibadilika. Mafuta ya taa yalikuwa yakiuzwa katika makopo ya bati ya galoni nne, karibu lita 18. Makopo yakiisha mafuta yalioshwa yakawa vipimo vya nafaka, nalo neno debe likaenea. Leo mahali pengi debe ni ndoo ya plastiki ya lita 20, na neno limebaki lilelile. Limeingia hata katika siasa, kwani anayemfanyia mgombea kampeni anampigia debe.

Nchini Kenya kuna gorogoro, ambalo kwa asili ni kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, na sasa hupimia mahindi na maharagwe. Nchini Tanzania kuna sado, yaani kopo la rangi la lita nne, lililopata jina lake kutokana na rangi za Sadolin. Uganda, kikombe cha bati cha Tumpeco kimefanya kazi hiyohiyo. Mwanafunzi aone jinsi njia ni moja: kopo tupu hupata kazi ya pili, na jina la kiwandani hugeuka kuwa jina la kipimo.

Gunia linahitaji tahadhari zaidi. Kwa mazoea ya biashara, gunia la mahindi Kenya ni kilo 90, na Tanzania ni kilo 100. Mfanyabiashara anayenunua kwa simu "gunia hamsini" bila kuuliza uzito anaweza kutofautiana na mwenzake kwa kilo 500, na kila mmoja atasema kweli.

Kisha kuna lumbesa. Hili ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kichwa cha wavu au kipande cha gunia jingine na kufungwa kwa kamba. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, ingawa aliyotoa ni gunia moja na zaidi. Tanzania, ambako Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002, imekuwa ikipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Kenya nayo ilitunga kanuni mwaka 2019 kwamba viazi vifungwe katika mifuko isiyozidi kilo 50. Kwa mwalimu, lumbesa ni mfano mzuri wa kuonyesha kwamba tele huweza kumnufaisha mnunuzi mdogo wa sokoni na papo hapo kumwumiza mkulima shambani.

Malwa ya Juba

Sasa turudi nyumbani. Katika masoko ya Juba nafaka hupimwa kwa malwa. Ni kipimo cha ujazo kilichotoka Sudan, na taarifa za bei za soko nchini mwetu huhesabu malwa moja ya mtama kuwa kilo 3.5. Nyanya, vitunguu na bamia huuzwa kwa "kom", yaani lundo dogo lililopangwa juu ya meza au gunia.

Kom ina tafsiri iliyo tayari, nayo ni fungu. Anayeomba "fungu moja la nyanya" ataeleweka Juba kwa Waganda, na ataeleweka Arusha na Mombasa vilevile. Malwa haina. Nimeona wanafunzi wakiitafsiri kuwa pishi, kwa kuwa kamusi inasema pishi ni kipimo cha nafaka. Hesabu inakataa. Pishi ni karibu kilo 2.7, malwa ni kilo 3.5. Mtafsiri wa namna hiyo amemnyang'anya mnunuzi gramu 800 kwa kila kipimo. Kuitafsiri kuwa gorogoro kutampunja zaidi. Ushauri wangu ni kuliacha neno malwa kama lilivyo na kueleza uzito wake mara ya kwanza linapotajwa.

Yako mambo mengine mawili ya kuangalia. Kwanza, neno hili linaanza na ma-, hivyo wanafunzi huliona kuwa wingi na kuandika "malwa haya". Ni kipimo kimoja, kwa hiyo tuliweke katika ngeli ya I-ZI kama kilo: malwa moja, malwa hii, malwa mbili. Pili, kwa jirani zetu wa Uganda malwa ni pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mwanafunzi akifika Kampala na kusema anatafuta malwa tatu za kupeleka nyumbani kwa mama yake, asishangae wakicheka.

Hesabu ya kopo lililobonyezwa

Kwa nini jambo hili liwe zito? Tufanye hesabu ndogo pamoja na wanafunzi. Tuseme kopo la malwa limebonyezwa chini, likapoteza sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Badala ya kilo 3.5, mnunuzi anapata kilo 3.15. Gramu 350 si rahisi kuziona kwa macho. Lakini mama anayenunua malwa kumi kwa mwezi atakuwa amepoteza kilo 3.5, yaani malwa nzima. Kwa kila malwa kumi alizolipia, tisa ndizo zilizofika nyumbani.

Lipo na jambo la bidhaa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini lita moja ya mahindi makavu haifiki kilo. Unga uliomwagwa bila kushindiliwa huwa mwepesi zaidi, kwa sababu una hewa nyingi ndani. Kwa hiyo kopo lilelile halitoi uzito uleule kwa mahindi, unga na maharagwe. Ndiyo sababu ya swali letu la tatu.

Kilo isiyo kilo, na kete

Mtu anaweza kudhani kwamba akisikia neno kilo amesalimika. Hapana. Katika biashara ya miraa ya Meru, "kilo" ni jina la mafungu kumi madogo yaliyofungwa pamoja, na kila fungu dogo huitwa shurba. Kilo hiyo haihusiani na gramu 1,000 za mizani. Miraa inapungua uzito kadiri inavyonyauka njiani, hivyo wafanyabiashara wanahesabu vifungu badala ya kupima. Mkalimani asiyejua hili ataandika uzito ambao haukuwapo.

Hali ni hiyohiyo katika habari za mahakamani, ambazo wanafunzi wetu husoma sana magazetini. Humo wanakutana na "misokoto ya bangi" na "kete". Msokoto unatokana na kitenzi sokota, na unataja umbo: kitu kilichoviringwa. Kete kwa asili ni kombe dogo au kitu kidogo cha kuchezea, kisha likawa jina la kifurushi kidogo cha dawa za kulevya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye uzito maalumu. Msokoto mmoja unaweza kuwa mwembamba na mwingine mnene. Ndiyo maana mbele ya mahakama vitu hivyo hupelekwa kwenye mizani. Nchini Tanzania, kwa mfano, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 hutenganisha makosa kwa kuangalia uzito pia.

Wahitimu wetu wengine watafanya kazi ya ukalimani polisi na mahakamani, hasa kwa kuwa Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016 na Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya. Wajue mipaka yao. Shahidi akisema "kete ishirini", mkalimani aseme vifurushi vidogo ishirini. Asigeuze kuwa gramu kwa kukisia, kwa kuwa kukisia kwake kunaweza kubadilisha miaka ya mtu gerezani. Uzito ni kazi ya mizani, na mkalimani hana mizani mdomoni.

Sarufi ya kipimo

Kanuni ya upatanisho ni nyepesi. Kinachotawala ni neno la kipimo, si bidhaa. Tunasema:

- kibaba kimoja cha mchele, vibaba viwili vya mchele;
- kilo moja ya sukari, kilo mbili za sukari;
- fungu moja la nyanya, mafungu matatu ya nyanya;
- mkungu mmoja wa ndizi, mikungu miwili ya ndizi;
- kicha kimoja cha mchicha, vicha vinne vya mchicha;
- mtungo mmoja wa samaki, mitungo miwili ya samaki;
- tita moja la kuni, matita mawili ya kuni.

Kwa debe na gunia yapo matumizi mawili. Kiswahili sanifu kinataka "madebe mawili ya mahindi". Sokoni husikika zaidi "debe mbili za mahindi", na mara nyingi msemaji ana maana ya kiasi, si vyombo. Mwanafunzi aandike la kwanza katika mtihani na asishtuke akisikia la pili.

Zaidi ya hayo, watu wenye fedha kidogo hawanunui kwa kipimo bali kwa fedha. "Nipe mafuta ya mia mbili" maana yake ni mafuta yenye thamani ya shilingi 200, kiasi chochote kitakachokuwa. Katika tungo hii mnunuzi amelitaja bei mwenyewe na kumwachia muuzaji kuamua kiasi. Bei ikipanda, maneno hayabadiliki. Mafuta ndiyo yanayopungua.

Kitenzi pima ni kizuri kwa kufundishia minyambuliko: nipimie (unifanyie kazi ya kupima), nimepimiwa, mtama unapimwa, mizani inapimika. Na niongezee ni neno ambalo mnunuzi asiondoke darasani bila kulijua.

Mazoezi ya darasani

Zoezi la kwanza ni la vyombo. Kila kikundi kilete kopo au kikombe kinachotumika sokoni, pamoja na mtama au mahindi kidogo. Wakijaze kwa mfuto, wapime kwa mizani ya jikoni, waandike. Wakijaze kwa tele, wapime tena. Kisha wawasilishe tofauti kwa sentensi kamili za Kiswahili. Hakuna somo la vivumishi vya idadi ambalo nimeona likishika akilini kama hili.

Zoezi la pili ni mazungumzo ya wawili wawili. Huu ni mfano:

Mnunuzi: Shikamoo, mama.
Muuzaji: Marahaba, mwanangu. Karibu.
Mnunuzi: Asante. Mtama unauzaje?
Muuzaji: Kwa malwa.
Mnunuzi: Unajaza mpaka juu, au unasawazisha?
Muuzaji: Mimi napima tele. Tazama mwenyewe.
Mnunuzi: Basi nipimie malwa mbili. Naomba utikise kopo kwanza, mama, ndipo umalizie.
Muuzaji: Wewe umefundishwa! Haya, lete mfuko.
Mnunuzi: Na nyongeza?
Muuzaji: Nyongeza hiyo hapo. Kesho urudi kwangu.

Wanafunzi waangalie kwamba mnunuzi hakumshutumu muuzaji popote. Ameamkia, ameuliza, ameomba. Kopo likitikiswa nafaka hushuka na kuacha nafasi, na ombi hilo moja lenye adabu lina faida kuliko ugomvi mrefu. Tena wauzaji wengi ni watu waaminifu, nao hufurahi kupata mteja anayejua.

Zoezi la tatu ni kukusanya majina. Kila mwanafunzi aulize nyumbani majina ya vipimo katika lugha ya kwao, aeleze chombo, kiasi na bidhaa. Darasa likiwa na lugha nane litapata orodha ambayo bado haimo katika kamusi yoyote ya Kiswahili.

Hitimisho

Methali zetu zimejaa vyombo: kibaba kinachojazwa haba na haba, debe tupu lisiloacha kuvuma. Mwanafunzi anayezikariri bila kuviona vyombo hivyo amepata nusu ya lugha. Tukimfundisha kuuliza ni chombo gani, kimejazwa vipi na kina nini ndani, tutakuwa tumempa ulinzi mdogo anaoweza kuutumia jioni ileile.

Mwaka uliofuata nilifika darasani na kopo la bati na mfuko wa mtama, kabla sijaitaja methali. Katika jaribio hakuna aliyeandika habari za baba mdogo. Mmoja hata aliongeza swali chini ya jibu lake: "Mwalimu, kibaba cha kwenye methali ni cha tele au cha mfuto?" Nilimpa alama zote.